Kaa Chini, Usikimbie

Gülizar alikuwa mjane wa miaka hamsini na minane. Nyumba yake ya wageni, vyumba vinne tu, ndiyo ya mwisho kijijini kwetu, pale barabara inapokwisha na njia ya kupanda milima ya Toros inapoanza. Kila aliyelala kwake alilishwa mawaidha pamoja na zeituni na jibini ya asubuhi. Wengine walicheka, wengine waliandika. Yeye hakujali, mradi wasikie.

"Viatu mlangoni. Chai ya kwanza haikataliwi. Ukitosheka, laza kijiko juu ya kibilauri, watakuelewa. Mwanamke usimpige picha kabla hujamwomba. Na mbwa wa kondoo wakikujia, usikimbie. Weka fimbo chini, kaa, mwite mchungaji."

Asubuhi moja ya mwezi wa sita mgeni alikuwa mmoja, Ingunn, mwalimu kutoka Norwe, aliyejifunza Kituruki mwaka mzima kwa ajili ya safari hiyo.

"Shangazi, mimi nimelelewa na mbwa," alisema huku akifunga kamba za viatu. "Tunaelewana."

"Hawa si wa kulala sebuleni, mwanangu. Hawa wanauana na mbwa mwitu."

"Basi nitakaa chini, nimekubali." Akambusu mashavu yote mawili, akashika njia ya chemchemi ya juu, alikoelekezwa ajaze maji.

Saa tano hivi Gülizar aliteremka kununua sukari. Nje ya zahanati akamwona Durmuş mchungaji amekaa kwenye benchi, kitambaa kimebana taya. Walikuwa hawasemezani tangu vuli iliyopita, wageni wawili wa Gülizar walipokatiza katikati ya kundi, kondoo wakatimka, majike wanne wakaanguka korongoni. Siku ile Durmuş alisema mbele ya watu wote: "Wageni wako wakirudi kwa kondoo wangu, mbwa siwaiti. Wajijue."

Sasa Gülizar alisahau kununa.

"Durmuş! Wewe uko hapa, kondoo wako na nani?"

"Na baba." Maneno yalimtoka yamevimba. "Nimeng'olewa jino."

"Baba yako asiyesikia hata radi?"

"Mbwa wapo. Mbwa ndio wachungaji, mzee kazi yake kuwapikia uji."

"Mmepiga hema wapi?"

"Chemchemi ya juu. Tumehamia jana."

Gülizar akamshika mkono. "Nimempeleka mgeni huko. Tena nimemwambia akae chini akuite wewe."

Durmuş akashika taya. "Nilikwambia nini, dada?"

"Uliniambia. Utanisema njiani mpaka uchoke. Washa trekta."

Alitema damu pembeni, akainuka.

Gülizar alipanda juu ya bati linalofunika gurudumu la nyuma, akajishika kwa mikono miwili. Njia ilikuwa mawe matupu. Katikati ya mlima Durmuş alitia vidole viwili mdomoni apige mluzi, ukatoka upepo na mate. Akajaribu tena. Hakuna.

"Daktari amenidunga ganzi," alisema. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na hofu. "Mdomo si wangu. Na mbwa wangu wakishamzingira mtu, hawamwachii ila kwa mluzi."

Hakumsema tena.

Walimkuta Ingunn ameketi kwenye nyasi hatua hamsini kutoka kwenye maji, magoti kifuani, kichwa kimeinama. Mbwa watatu wakubwa, rangi ya majani makavu, midomo myeusi, kola za miiba ya chuma shingoni, walikuwa wamemzunguka. Mkono wa shati lake ulikuwa mwekundu kuanzia kiwiko. Mzee alikuwa ng'ambo ya kilima, moshi wa jiko lake tu ndio ulioonekana.

Durmuş akapiga kelele, ikamtoka sauti ya mlevi. Mbwa mmoja alitikisa mkia. Hakuna aliyeondoka.

"Mfuate basi!" Gülizar alimwambia.

"Nikiwakaribia watadhani nimekuja kuwasaidia, watamrukia. Itabidi nizunguke juu niwaswage kondoo. Kundi likienda, mbwa watalifuata. Nipe robo saa."

"Hana robo saa, huyo. Mwone."

Ingunn alikuwa ameanza kuyumba mbele na nyuma. Aliweka kiganja chini, akainua kiuno. Mbwa mkubwa akanguruma, meno yakaonekana.

"Kaa, mwanangu! Kaa!"

"Siwezi tena, shangazi! Saa mbili nzima! Nimemwita, nimemwita, haji mtu!"

Durmuş alikuwa tayari anapanda mbio. Gülizar akabaki peke yake. Hapa ni lazima niseme jambo ambalo wageni hawakulijua kamwe: alipokuwa na miaka kumi na tisa alikutana na mbwa kama hao, akakimbia, wakamtoa nyama ya mguu. Miaka kumi na moja alikuwa anawafundisha watu kukaa chini, na yeye mwenyewe hajawahi kukaa.

Akavua kitambaa cha kichwa, akakiachia kiangukie njiani ili asiwe na chochote cha kupepea. Akatembea taratibu, macho ardhini, mikono imelegea. Mbwa wawili walimjia. Mmoja akamnusa paja, pumzi yake moto ikapenya sketi. Gülizar hakusimama wala hakuharakisha. Alipofika, akaketi, mgongo wake ukagusa mgongo wa Ingunn.

"Usiwatazame. Niambie, wanafunzi wako wangapi?"

"Shangazi..."

"Wangapi?"

"Ishirini na wawili."

"Nitajie majina. Polepole."

Ingunn akaanza. Majina mageni, moja moja, kwa sauti iliyokatika. Mbwa mkubwa alilala mbele ya Gülizar, miguu ya mbele ikigusa kiatu chake. Ingunn alifika jina la kumi na tano, akakwama, akarudia. Ndipo kengele ya beberu anayeongoza kondoo ikasikika juu ya kilima, kisha kishindo cha kwato. Mbwa wa kwanza akageuka akaenda. Wa pili akafuata. Yule mkubwa alibaki, akiwatazama wanawake, akalitazama kundi linalotoweka, akawageukia tena. Halafu akainuka kama mtu asiye na haraka, akaondoka.

Ingunn alilia mpaka zahanati. Akashonwa nyuzi tisa, akaanza sindano za kichaa cha mbwa. Alipomaliza ya pili alisafiri, hakurudi tena. Gülizar aliugua goti majira yote ya joto.

Durmuş alikuja kesho yake, taya limefura kama boga, akavua viatu, akakaa jikoni bila kukaribishwa.

"Nikihama, nitakupigia simu usiku huohuo," alisema. "Na wewe, mgeni akitoka, nipigie."

"Na ukiwa na ganzi mdomoni?"

"Basi mfungie mlango asitoke."

Gülizar akamwekea chai. Akanywa vibilauri vitatu, kwa upande mmoja wa mdomo.