Mikono ya Nzau

Ndugu yangu Nzau huruka kama mtu aliyesahau kwamba atashuka. Mimi humtazama kwenye simu kila Jumamosi saa moja asubuhi, Matuu ikiwa bado imejifunika ukungu, na kule Melbourne ni saa nane mchana. Uwanja wao ni wa mviringo, hauna kona hata moja, na nyasi zake zina kijani ambacho huku Yatta tunakiona wiki mbili kwa mwaka. Nikiangalia nahisi bado nimelala, na kwamba mama ataniita sasa hivi nikakamue ng'ombe.

Mchezo wenyewe, mpira wa Kiaustralia, ni wazimu. Mpira una umbo la yai, watu wazima wanapandana mabegani ili waudake, na refa hashtuki. Nzau alinieleza sheria mara tatu. Mara ya nne nikamwambia aniache nimtazame yeye tu.

Alifikaje huko? Alikuwa akicheza basketboli shule ya upili, na mwaka juzi wageni wawili walikuja Machakos mjini kutafuta vijana warefu wanaojua kuruka. Waliwarushia mipira juu sana. Wengine walidaka mmoja wakaangusha mitatu, lakini Nzau hakuangusha hata mmoja. Wakamuuliza ni nani aliyemfundisha.

"Ni sista yangu, Katunge," akasema.

Hakudanganya. Tuna miembe ya matunda ya kuuza ng'ambo, na embe likigonga chini mnunuzi hulikataa. Mimi ndiye niliyekuwa nikipanda na kurusha, yeye akidaka. Nilimfundisha tangu darasa la tatu: usilinyakue, likifika mikononi shuka nalo taratibu mpaka tumboni, unavyomlaza mtoto.

Klabu ilimpa msimu mmoja wa majaribio kwenye timu ya pili. Akifaulu, mkataba wa miaka miwili. Akishindwa, ndege ya kurudi nyumbani Septemba. Mama aliomba kanisani kwa sauti. Mimi nilikaa kando yake nimefumba macho, na sikuomba chochote. Nitasema wazi: nilitaka arudi. Tangu baba afariki, nyumba yetu ilibaki na mtu mmoja tu wa kucheka, na mtu huyo alikuwa Nzau.

Mechi zikaanza, na ikawa kama zimenisikia. Anaruka, anaupata mpira huko juu ambako wengine hawafiki, halafu unamponyoka. Jumamosi ya kwanza hivyo, ya pili hivyo. Akanipigia simu.

"Sista, mpira inanitoka. Niko nayo kabisa, halafu haiko. Wewe unaona nini huko?"

Nilikuwa nimeona tangu siku ya kwanza. Alikuwa akiushusha. Polepole, kwa adabu zote, anauteremsha kuelekea tumboni, na katika safari hiyo fupi mpinzani anapitisha ngumi na kuupiga mbali. Mpira wa ngozi, jamani, na yeye anauhurumia usichubuke! Nilikuwa nimecheka peke yangu jikoni, kisha kicheko kikanikauka.

"Utazoea tu," nikamwambia.

Nikanyamaza wiki tatu nzima. Siku zile zilipita juu yangu bila kunigusa. Nikiwa nakamua nilimwona akilini akiingia langoni na begi lake, nikamsikia akimtania mama, nikampakulia isyo ya mahindi na maharagwe nyingi kuliko yangu. Septemba ilikuwa inakuja yenyewe, mimi sikuhitaji kufanya lolote.

Halafu Jumamosi moja kamera ikamkaribia baada ya mpira kumponyoka tena. Alikuwa anaitazama mikono yake. Aliigeuza huku na huku, taratibu, kana kwamba alikuwa ameiazima kwa mtu. Nilijichukia asubuhi ile. Mechi ilipokwisha nikampigia kabla hata ya kunywa chai.

"Nzau, hiyo si embe. Usiishushe. Ikamate huko huko juu."

"Sawa, sista."

Jumamosi iliyofuata alidaka tisa, na hakuna ngumi iliyomfikia. Mwezi wa nane akapiga simu akipiga kelele kwamba amepewa miaka miwili. Mama alipiga vigelegele hadi kuku wakatawanyika. Mimi nikachukua simu nikaenda nyuma ya nyumba, kwa sababu nilikuwa nalia, na hayakuwa machozi ya furaha peke yake.

Nikamwambia yote. Kwamba nilijua mapema, nikanyamaza, kwa sababu nilitaka ashindwe arudi.



"Sista," akasema, "hiyo maneno kocha aliniambia wiki ya kwanza. Aliniambia kila siku. Mikono ilikataa tu. Ilikuwa inangoja useme wewe."