Mnazi wa Kitovu Changu

Nazi za mnazi wangu sizili. Ikianguka moja miguuni pangu, naiokota naitia kwenye kapu la kisima, basi. Wajukuu wananicheka: bibi huyu ana mnazi, na tui anakwenda kuazima kwa jirani! Wacheni wacheke. Hawakuwapo.

Shamba letu lilikuwa nje ya Bagamoyo, upande wa Zinga, ubavuni mwa njia. Wapagazi walikuwa wakitufikia midomo imepasuka kwa kiu, na mji bado uko mbali. Baba yangu hakuweza kuvumilia. Akachimba kisima pale njiani kwa mikono yake, akayafikia maji, akafa kwa homa kabla ya kujenga kuta. Likabaki shimo tu la mchanga, na kila mvua ikilimega kidogo.

"Masika yakilikuta hivi hivi," mama aliniambia, "kazi ya babako imekwisha."

Mwashi alikuwapo, mawe na chokaa vilikuwapo. Kilichokosekana ni ujira, na mwashi hakuwa mtu wa kuzungushwa. "Mkono mtupu haulambwi," alisema. Tajiri mmoja mjini alikuwa tayari kutukopesha, arudishiwe chake pamoja na nyongeza. Tulitoka barazani kwake mama akitembea mbio, leso inamvuka begani. "Nimnyweshe msafiri maji ya riba? Na babako huko kaburini apate nini, makaa?"

Basi akaamua kuweka wakfu. Minazi yetu isiwe yetu tena, iwe ya kisima. Isiuzwe, isigawiwe, isirithiwe. Nazi zake zimlipe mwashi, kila zikianguliwa, na akishamaliza zinunue kamba na ndoo mpaka dunia iishe. Mwashi akakubali, ila akasema wazi kwamba anataka minazi yote, pamoja na ule mkubwa unaozaa kuliko mingine. Bila huo haanzi.

Ule mkubwa ulikuwa wangu. Kwetu mtoto akizaliwa, kitovu chake huzikwa, na juu yake hupandwa mnazi. Mnazi huo ni mali yake, hata ardhi ikiwa ya mwingine. Wangu aliupanda baba. Jambo hilo kila mtu alilijua, na mama kuliko wote.

Asubuhi moja akaja mwalimu wa msikitini, mafua yamemshika, na majirani wawili wa kushuhudia. Mama akawa anapita mnazi hadi mnazi, anaugusa, anasema, "Na huu nimeuweka wakfu kwa ajili ya Mungu." Umande ulikuwa haujakauka. Jua lilipenya kwenye makuti likacheza mgongoni mwake, na sauti yake ilikuwa ya chini, kama anabembeleza mtoto. Nilimfuata kama niliye usingizini, natamani isiishe. Mara nikaona kiganja chake kiko juu ya mnazi wangu.

"Na huu nime..."

"Ebo! Huo wangu!"

Nilipiga ukelele hata kunguru wakaruka. Mwalimu akapenga kamasi, akamwuliza mama, "Wa nani huu?" Mama akakiondoa kiganja.

"Mali ya mtu haiwekwi wakfu na mwingine," akasema mwalimu, "hata akiwa mama. Binti si mtoto tena. Mwenyewe akitaka, sawa. Asipotaka, hapana."

Akaenda zake. Mwashi naye, aliyekuwa akingoja kando ya shimo, akakusanya vyombo vyake.

Wallahi nilikasirika, na hasira yangu haikuwa ya nazi. Baba hakuniachia kitu kingine chochote duniani. "Ungeniuliza tu, mama!" Akakaa chini, pale pale mchangani. "Nilisahau, mwanangu. Tangu babako afe, naona changu na chako ni kimoja." Nilimwonea huruma, na bado nikamnunia.

Adhuhuri nikajilaza chini ya mnazi wangu. Makuti yalikuwa yakisuguana juu, polepole, na kivuli kinakuja na kurudi usoni mwangu. Nikamwona baba anakuja njiani na kata ya kifuu mkononi, kavu kabisa. Nilidhani atanisalimu. Akanipita kama msafiri asiyetujua, akainama shimoni, akatazama, akainuka, akashika njia ya mjini. Nikamwita baba, baba. Hakugeuka. Nilipoamka mchanga ulikuwa umenigandama shavuni, na shimoni nikasikia udongo unameguka, unaanguka majini. Upande wa Saadani wingu la kwanza lilikuwa limekwisha simama.

Ndoto ile haikuhitaji mtu wa kuniagulia. Nikaenda mwenyewe mpaka mjini kwa mwalimu. Shikamoo, marahaba, nikamwambia, twende. Akaja na mafua yake, na majirani wale wale wakaitwa. Nikaweka kiganja juu ya mnazi. Maneno yalitoka mepesi, mkono ndio ulikuwa mzito, nikachelewa kuuondoa. Mama alilia wazi wazi, hakujificha.

Mwashi akarudi, akajenga, anashindana na mawingu. Kuta zilipofika juu masika yakapiga, yakapiga, na jiwe halikutikisika. Mvua ilipopumzika, mama akatukataza kunywa mpaka anywe mpita njia kwanza. Tukakaa asubuhi nzima kando ya kisima, tunatazama njia. Mwisho akaja mpagazi mmoja, bega limechubuka, Kiswahili chake cha bara. Akanywa kata nzima, akajimwagia nyingine kichwani, akacheka peke yake.

"Mungu amrehemu aliyechimba," akasema.

Hakuuliza ni nani. Akajitwika mzigo wake, akashika njia ile ile ya mjini. Mama alimtazama mpaka akapotea, kisha akachota, akanipa kata.

"Kunywa, mwanangu. Haya si yangu wala si yako."

Nikanywa. Yalikuwa na ladha ya chokaa, na nilikunywa yote.