Nyumba ya Kiomboi niliyonunua na mume ambaye jina lake lilikuwa limeoza sokoni

Wakuu, habari za mchana.

Juzi humu kuna mtu kaleta uzi: mchumba wake kila siku anapigiwa simu na watu wa mikopo ya mtandaoni, je, wanunue nyumba pamoja au amwache? Nimesoma comments zote. Nusu mmemwambia akimbie, nusu mmemwambia mapenzi yatashinda. Wote mmenichekesha.

Mimi nilishanunua nyumba na mtu wa namna hiyo, enzi ambazo hata hizo simu hazipo. Nasimulia ilivyokuwa, chumvi sijaongeza. Mume mwenyewe nimemsomea mwanzo, kasema "haya, nianike tu". Kwa hiyo kibali ninacho.

Ni miaka ya tisini, biashara imeshaachiwa huru. Wa rika langu mnakumbuka, maduka yaliyokuwa na sabuni na viberiti tu yakajaa vitu mpaka barazani.

Mimi ni fundi cherehani, nilikuwa nashonea kwenye baraza ya duka moja pale Kiomboi. Mitumba ilipoingia, magauni ya kushona yakadorora, mafundi wenzangu wengi wakafunga. Mimi nikang'ang'ania sare za shule. Sare ya shule huipati kwenye belo la mitumba, na watoto wanakua kila mwaka. Zikanilisha.

Mume wangu, Baba Neema, akaingia kwenye alizeti. Zamani mazao yalikuwa yanakwenda ushirika, sasa mwenye lori na hela alikuwa anajipeleka mwenyewe kijijini kununua. Yeye lori hana, hela hana, ana mdomo. Anakwenda Ulemo, anakwenda Kinampanda, anachukua magunia kwa mali kauli.

Kwa vijana: mali kauli ni kuchukua mzigo leo kwa neno lako tu, ukishauza ndipo unampelekea mwenyewe hela yake. Hakuna karatasi wala shahidi. Dhamana ni jina lako.

Msimu wa kwanza alilipa watu wote. Wa pili pia. Wa tatu akampa mzigo wote tajiri mmoja wa kutoka mbali mwenye lori, aliyeahidi kurudi na hela wiki inayofuata. Hadi leo tunamsubiri.

Kwa hilo sikumlaumu sana, kutapeliwa kunampata yeyote. Kilichoniudhi ni kilichofuata. Badala ya kwenda kwa wakulima akasema jamani nimepigwa, akaanza kuwakwepa. Siku ya gulio hatoki ndani. Akimwona mtu wa Ulemo mbele, anaingia uchochoroni. Sasa Kiomboi ile, wakuu, utajificha wapi?

Ndani ya mwaka jina likaoza. Dukani hapewi hata kiberiti mpaka hela iwe mezani. Ikafika mahali mtoto wetu akitumwa sukari anaulizwa kwanza, "Umetumwa na baba au na mama?" Akisema mama, anapewa. Iliniuma jamani, sitaficha.

Sasa nyumba.

Tulikuwa tumepanga vyumba viwili. Nilikuwa na mteja, Mama Zaituni, mjane, anajiandaa kuhamia Itigi kwa binti yake ambaye mumewe alikuwa anafanya kazi reli. Nyumba yake ilikuwa ya tofali za kuchoma, vyumba vitatu, bati zima, na uwanja wa nyuma wa kutosha kuanika alizeti. Niliipenda toka siku ya kwanza nimekwenda kumpima gauni.

Akaniambia atanipa kwa awamu. Nusu sasa hivi, iliyobaki nimalize shule zikifunguliwa, hela za sare zikiingia. Benki za wakati ule zilikuwa hazimjui mtu kama mimi. Ile ndiyo ilikuwa nafasi yangu, na sikuona nyingine inakuja.

Ila akaweka sharti. "Mwanangu, nakuuzia wewe. Jina la mumeo sitaki kuliona kwenye karatasi. Nikiwa Itigi nataka nipate usingizi."

Nikakubali palepale. Najua kuna watu hapa wameshaanza kuniita jeuri. Endeleeni.

Baba Neema nilipomweleza alichukua jembe akaenda kulima bustani isiyohitaji kulimwa. Kelele zilitoka kwa ndugu zake. Kwamba mwanamke akinunua nyumba kwa jina lake maana yake ameshaanza kuondoka. Shemeji yangu mkubwa akaja kabisa nyumbani. "Shemeji, andika jina la mumeo, hela yenu si moja?" Nikamwuliza yeye kachangia ngapi. Akasema ana safari, akaaga.

Kwetu nyumba hainunuliwi na watu wawili tu. Mnakwenda kwa balozi wa nyumba kumi, na majirani wote wanaopakana na wewe wanasaini kwamba wanakutambua na mipaka wanaijua. Mmoja akigoma, balozi hagongi muhuri.

Jirani wa kushoto kasaini. Wa kulia kasaini. Wa nyuma ni Mzee Msengi.

Mzee Msengi shamba lake liko Ulemo, ila alikuwa na nyumba pale mjini. Katika ule mzigo uliopotea na lori, magunia mengi zaidi yalikuwa yake. Kwamba ni jirani nilijua. Nilichodhani ni kwamba jina likiwa langu, yeye hayamhusu.

Akagoma. Balozi akanirudishia karatasi, akasema mama, kamalizaneni kwanza. Na Mama Zaituni alikuwa anasafiri Jumatatu, na kuna mwalimu alishakuja kuiona nyumba akiwa na hela yote mkononi.

Nikaenda kwa mzee mwenyewe. Nikamkuta anakaza mpini wa shoka.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Karibu, fundi."

"Baba, nyumba nanunua mimi. Deni ni la mume wangu."

"Najua."

"Sasa mbona hunisainii?"

Akaweka shoka chini. "Gunia ningesema limeliwa na panya, ningeendelea kuishi. Lakini mumeo mwaka wa pili huu akiniona anageuza njia. Mimi ni wa kukimbiwa? Shikamoo yangu iko wapi? Na sasa nimkaribishe ukutani kwangu, awe anatokea dirishani asikutane na mimi?"

Kisha akaongeza kitu ambacho sikukitegemea.

"Na jina lake mimi nataka liwemo. Mwanamume asiye na jina kwenye nyumba, siku yoyote anabeba begi anaondoka. Mimi nitamdai nani?"

Wakuu, oneni mtego huo. Anayeniuzia hataki jina la mume wangu liwemo. Anayetudai anataka liwemo. Bila huyu sina muhuri, bila yule sina nyumba.

Nikamwambia ukweli wangu. "Baba, jina lake likiwemo, siku ukichoka kusubiri utadai ukuta wangu."

Hakubisha. Hapo nikajua nimesoma sawa.

Nikarudi nyumbani, nikamwambia Baba Neema kesho asubuhi tunakwenda wote kwa Mzee Msengi. Akasema hawezi. Nikamwambia anaweza, na kwamba nyumba nikiikosa kwa sababu ya yeye kuogopa kusalimia mtu, sitasahau maisha yangu yote. Nilimaanisha, na aliona.

Tukaenda. Mzee yuko uani kwake.

"Shikamoo baba," akasema Baba Neema.

Mzee kimya. Anamtazama tu.

Kama hukukulia huku huwezi kuelewa uzito wa shikamoo isiyojibiwa. Nilitamani ardhi ipasuke. Baba Neema akavua kofia, akarudia.

"Shikamoo baba. Nilipigwa. Yule mtu wa lori hakurudi. Nikaona aibu kukutazama, aibu ikazidi deni. Mzigo wako nitaulipa, kila msimu, mpaka uishe."

Mzee akamsogezea kigoda.

"Marahaba," akasema. "Kaa chini."

Nilitokwa machozi, nikajifanya nafunga vizuri kanga.

Hapo ndipo nikaingia mimi na masharti. Mnunuzi ni mimi peke yangu. Baba Neema atasaini chini kama shahidi, mume wa mnunuzi, na itaandikwa wazi kwamba nyumba haihusiki na madeni yake. Mzee naye atasaini hapohapo. Yeye atalipwa kwa alizeti ileile, baada ya mavuno, tena magunia ya kujaa vizuri.

Mzee akasema, "Na jina lake?"

"Jina lake utalisikia kila asubuhi akija kukuamkia. Atakuwa nyuma ya ukuta wako, baba. Akihama nitakuambia mimi mwenyewe."

Akacheka. Mara ya kwanza kumwona Mzee Msengi anacheka. Tukaenda kwa balozi, Mama Zaituni akasomewa karatasi akasema shahidi si mnunuzi, muhuri ukagongwa, na Jumatatu Mama Zaituni akapanda gari la Singida, njia ya kwenda Itigi, akiwa na nusu ya hela yake kwenye fundo la kanga. Iliyobaki nilimmalizia shule zilipofunguliwa.

Baba Neema akaacha udalali, akakodi shamba akalima mwenyewe. Mvua nyingine zilitunyima, mwaka mmoja tulipeleka magunia ya kuonea huruma. Lakini alipeleka, kwa Mzee na kwa wale wengine. Na kila asubuhi alipita kuamkia. Mwanzoni alikwenda kama anayepelekwa kuchomwa sindano, baadaye nikawa namtuma mtoto akamwite chai imepoa.

Siku aliyopeleka gunia la mwisho alichelewa kurudi. Nikamsikia anakuja na mkokoteni, na mkokoteni unalia kama una mzigo. Nikatoka. Umejaa magunia ya alizeti.

"Mzee kanipa," akasema. "Mali kauli."

Akabaki amesimama nje ya mlango. "Nichukue?"

Nilikumbuka lori, nilikumbuka yale ya dukani. Lakini mtu aliyekuwa anatudai, anayemjua huyu mwanamume kuliko soko zima, alikuwa amemwamini tena mbele ya macho ya mtaa. Mimi mkewe nimkatalie?

Nikamwambia, "Chukua. Ukipigwa tena, umepigwa wewe, nyumba haijapigwa."

Alicheka mpaka akakaa kwenye kizingiti.

Nilichojifunza ni hiki. Ukitaka kununua nyumba na mwenzio mwenye madeni, kiasi anachodaiwa kiulize, ila usiishie hapo. Tembea naye njiani, mkutane na anayemdai, halafu umwangalie. Akisimama akasalimia, huyo mnaweza kujenga naye. Akigeuza njia, penda unavyopenda, lakini karatasi iandike jina lako.

Hati bado inasema mwenye nyumba ni mimi peke yangu, na mume mwenyewe hajahama.

Haya, mnaosema nilimdhalilisha mume wangu, karibuni. Leo sina nguo za kushona.