Magoti Ndani ya Treni

Harufu ya usipa mkavu hunirudisha hadi leo katika behewa la treni nchini Ujerumani. Mama, mzaliwa wa Lituhi, alitufungia dagaa hao wa ziwani katika kitambaa cheupe, zawadi kwa parokia iliyomwalika baba yangu, mkulima wa kahawa na mwalimu wa kwaya huko Mbinga. Nilisafiri na baba, nikiwa msichana wa miaka tisa. Joto la behewa lilipouamsha ule usipa, abiria waliokuwa karibu walihama mmoja mmoja, hadi viti vilivyotuzunguka vikabaki vitupu. Ili kumbukumbu zikae sawa, naandika pia kwamba wenyeji wetu walitupokea kwa heshima, wakanipa koti zito na kitanda chenye joto. Ninayoyalalamikia ni ya safarini.

Mwenyeji wetu, muuguzi wa Kijerumani aliyewahi kufanya kazi Liuli, alikuwa ameenda kutafuta chai pale askari wawili, mwanamume na mwanamke, walipoingia. Waliwapita abiria wote, wakatujia sisi. Baba akatoa pasipoti. Mimi nikafanya nilivyolelewa: mbele ya mkubwa nikapiga magoti, nikainamisha macho. Askari wa kike akaniinua, akasema jambo nisilolielewa, akanipeleka mwisho wa behewa. Nilipogeuka, baba alikuwa ameinua mikono, anapekuliwa. Niliamini wanamchukua, nami nitabaki katika nchi ambayo sikujua hata kuomba maji. Yule askari alipochuchumaa anitazame usoni, nikapiga magoti tena. Kadiri nilivyoogopa ndivyo nilivyozidisha adabu, na kadiri nilivyozidisha adabu ndivyo uso wake ulivyozidi kukunjamana.

Muuguzi aliporudi alizungumza nao kwa muda, kisha akamgeukia baba. "Mwalimu, wanauliza unamfanyia nini mtoto hata asithubutu kuinua macho."

"Mimi?" baba akasema, mikono bado iko juu. "Sista, waambie asipopiga magoti, mama yake atanisema mimi."

Muuguzi akacheka, akatafsiri. Askari hawakucheka. Waliturudishia pasipoti, wakaondoka bila kuomba radhi.

Baadaye niliajiriwa serikalini, nikahudumu Mbinga hadi kustaafu. Wageni wa Kijerumani walipita ofisini kwangu wakielekea ziwani. Waliketi kabla ya kukaribishwa, watoto wao wakanitazama bila kuniamkia, na sikumtenga hata mmoja na baba yake kwa sababu hiyo. Sasa mjukuu wangu amealikwa huko pamoja na kwaya yake, na hofu ya siku ile imenirudia. Juzi nilimwambia, "Ukifika, usipige magoti. Simama, mtazame askari machoni."

"Kwani bibi, hapa huwa napiga?"

"Basi nioneshe utakavyosimama."

Akasimama wima, akanikazia macho bila kupepesa. Nilistahimili kidogo tu, kisha macho yangu yakashuka yenyewe sakafuni.