Kansere ya titi ilitushika mimi na mama mukubwa, lakini dawa yake haikuwa yangu

Wakuu, salamu kutoka Butembo. Nimekuwa nasoma nyuzi za wengine humu bila kuandika kitu. Leo ni zamu yangu. Hii ni habari ya mwili wangu mwenyewe, donc hakuna sababu ya kutia chumvi.

Naitwa Masika, ni mushonaji wa nguo, niko na miaka 31. Wakati mambo yanaanza nilikuwa nanyonyesha mutoto wangu wa pili.

Nikasikia kitu kigumu mu titi la kushoto. Hakikuuma. Infirmier, muuguzi wa karibu na kwetu, akanigusa akasema: "Ni maziwa imeganda, maman. Kwa ule ugonjwa mubaya, wewe ungali mudogo."

Nikafurahi. Nani hapendi kuambiwa angali mudogo?

Mais kile kitu kiliendelea kukua. Bwana yangu akanisukuma mpaka hospitali kubwa. Wakachukua kipande kidogo cha nyama, wakakituma mbali kusomwa. Jibu likarudi: kansere.

Sasa sikieni. Kwetu haikuwa mara ya kwanza. Mama mukubwa Kahindo, dada mukubwa wa mama yangu, anaishi Beni, kule commune ya Ruwenzori. Yeye ilimushika akiwa na miaka 64. Walimupasua, kisha wakamupa kidonge kimoja cha kila asubuhi. Mpaka leo analima muhogo wake.

Aliposikia habari yangu, akangoja siku magari yanapita na convoi ya askari wa kulinda barabara, akaja. Alifika na vumbi mpaka ku kope. Hakukaa hata. Akafungua fundo la kikwembe chake cha kiunoni, ndani vidonge vyake.

"Masika, tugawane. Leo wewe, kesho mimi. Kama ilinisaidia mimi, wewe itakuachaje? Damu ni moja."

Wakuu, nililia. Yeye mwenyewe alikuwa bado anavihitaji.

Nikamwambia tungoje, juu docteur alisema kuna jibu la pili la kile kipande linakuja. Lilipofika tukaenda wote wawili.

Docteur, mwanamke mupole, akatueleza hivi: kuna kansere za titi ziko na kama masikio. Zinasikia homoni za mwanamke, na hizo homoni njo zinaziamuru zikue. Kile kidonge kinaziba yale masikio. Ya mama mukubwa ilikuwa hivyo.

"Na ya huyu?" mama mukubwa akauliza.

"Ya Masika haina masikio. Hata akinywa vidonge vyako vyote, haitasikia. Kwa bamama wazee mara nyingi tunakuta masikio. Kwa bamama vijana, isiyosikia inatokeaka zaidi, na inakuaka haraka. Si sheria, mais tunaiona."

Mama mukubwa akasema: "Basi mutoto asiyesikia, tumupige fimbo."

Docteur akacheka mpaka akavua miwani. "Njo hiyo, maman. Fimbo yake ni chimio, dawa kali ya sindano ya kuua kansere."

Mimi nilibaki nashangaa. Tumbo moja la bibi, titi lile lile, jina la ugonjwa lile lile. Na ndani, vitu viwili tofauti kabisa! Na mutu aliitambua tofauti hiyo katika kipande kidogo namna ile!

Chimio sitawadanganya. Nywele ziliisha, harufu tu ya sombe, majani ya muhogo ya kupikwa, ilikuwa inanitapisha. Ilibidi mutoto aache kunyonya, hiyo iliniuma kuliko sindano. Mama mukubwa hakurudi Beni. Alinipikia uji, akambeba mutoto mugongoni, muhogo wake ukalindwa na majirani.

Kisha siku moja docteur akanigusa pale. Akatafuta. Akatafuta tena. Akachukua mukono yangu: "Tafuta wewe."

Sikukuta kitu. Nikatafuta tena, wakuu, hakuna.

Walinipasua hata hivyo. Nyama waliyotoa ikatumwa tena, na jibu likasema hawakuona hata alama ya kansere ndani. Mama mukubwa akamuomba docteur asome mara ya pili, polepole. Aliposikia, akapiga magoti pale pale ku sakafu ya ciment: "Wasingya, Nyamuhanga." Asante, Mungu. Hata docteur alifuta macho.

Hawakuniambia nimepona milele. Narudi kupimwa. Mais nashona, na mutoto anakimbia.

Somo langu: umri mudogo si kinga. Ukiambiwa ni maziwa na kitu hakiishi, rudi, au nenda kwingine. Na wakikuta kansere, uliza: inasikia homoni ao hapana? Usichukue dawa ya ndugu yako, hata akikupa kwa mapendo yote.

Kuna mwingine humu amepitia hii? Ya kwako ilikuwa ya namna gani, na ulikuwa na miaka ngapi? Andika, nitajibu kila mutu.

Mama mukubwa yuko hapa pembeni, anauliza nacheka nini na simu. Anasema niwaambie bamama: wajiguse leo, bila haya.