Nyama ya Iddi niliyomlisha mama mkwe

Iddi Kubwa ya mwaka 1979, hapa Ibra, Oman, nilimpoteza mama mkwe wangu. Hakufa siku ile. Alikufa baadaye, kabla ya Ramadhani. Lakini mimi nilimpoteza Iddi ile, kwa mikono yangu miwili, na kosa ni langu, si la shetani wala la mtu mwengine.

Jina langu siliandiki. Skuli nilisoma kidogo tu, kwetu Pemba, kwa hivyo mtanisamehe nikiandika kama ninavyosema.

Mume wangu alikuwa dereva wa serikali. Wiki nzima yuko Maskati, Alkhamisi anarudi. Mshahara mdogo, watoto watano, na mama yake tunakaa naye. Chakula cha mwezi kilikuwa juu yangu, na kukipanga nilikuwa najua! Mshahara ukiingia nanunua mchele, unga, adesi, mafuta na vitunguu. Hivyo ni vya mwezi mzima, havichezewi. Halafu dagaa wakavu na papa mkavu kutoka Sur, maana kipande cha papa kikitiwa ndimu kavu kinalisha sinia zima la wali. Tende tunazo. Nazi huku ghali, basi wali wa nazi ni Ijumaa moja tu, ile ya mshahara, na nyama pia ni Ijumaa ile. Ikisha hiyo ni adesi, dagaa, papa, na mkate wa jana wa kuroweka kwenye mchuzi. Watoto wakiona adesi siku mbili mfululizo wanasema, "Baba karibu atalipwa!"

Mama mkwe hakulalamika hata siku moja. Mama yangu mzazi alibaki Pemba na huko huko akafa. Huyu ndiye aliyenipokea Oman, akawa mama. Nikimwekea adesi anasema, "Alhamdulillahi. Mkono wako una baraka, mwanangu. Kidogo chako kinashibisha." Kwa neno hilo ningepika adesi maisha yangu yote.

Aliyekuwa akinichoma roho ni wifi yangu, binti yake.

Ameolewa na mfanyabiashara, nyumba yao mtaa wetu huo huo, gari mlangoni, friji ndani. Kila alasiri alikuja kunywa kahawa na mama yake, na kabla ya kukaa alipita jikoni kwangu akafunua chungu. Kila siku!

"Ehe! Dagaa tena? Mama, unajua watu wa huku dagaa wanalisha ng'ombe?"

"Wifi, karibu kahawa," nikamjibu.

"Kahawa yenyewe mnaipima kwa kijiko au kwa ncha ya kisu? Wapemba, bwana! Ukikaa nao hata kivuli wanakupimia."

Majirani wakicheka. Mama akimkemea, "Acha, wewe. Kila mtu na chungu chake."

"Si natania tu, mama!"

Mimi nilinyamaza. Watu walidhani ni mpole. Sikuwa mpole! Nilikuwa nayaweka maneno yake kama ninavyoweka mchele, nikingoja siku yake.

Siku ikaja. Iddi ile mishahara ilitolewa mapema ili watu wachinje. Sisi tulichinja mbuzi mmoja. Wifi na mumewe walichinja ng'ombe. Nyama ya Iddi mnaijua: jamaa wana fungu lao, na jamaa hupewa pazuri. Wifi akaniletea beseni mwenyewe. Nikafunua. Kwato, mapafu na mifupa mitupu!

"Haya wifi, fungu lenu hilo. Utalipikia supu mwezi mzima, si ndiyo kazi unayoijua?"

Nikasema ahsante. Wallahi, nilisema ahsante!

Siku ya pili ndiyo ya kutia nyama tanurini. Kwa asiyejua, mtaa wetu una tanuri moja, shimo refu lililochimbwa ardhini. Kila nyumba inakoleza nyama yake kwa thomu, siki na bizari, inaifunga kwa majani ya mgomba, inaitia katika kifumba cha makuti ya mtende na kukifunga alama. Wanaume wanavitumbukiza vifumba vyote kwenye makaa, wanafukia, na siku ya pili yake wanafukua. Hiyo ndiyo shuwa, na hapana Iddi bila ya shuwa.

Wifi alileta nyama yake uwani kwetu, kwa sababu mkono wa mama ndio unaojua viungo. Tukakoleza sote watatu, tukafunga. Kifumba chake kikubwa, na alama yake kitambaa chekundu. Changu kidogo. Akakitazama, akaangua kicheko.

"Wifi, hicho kifungie kengele, kisije kikapotea majivuni!"

Akaenda zake kupokea wageni wa mumewe waliotoka Samail. Mama akaingia ndani kujinyoosha. Vifumba vikabaki kwangu mpaka wanaume waje kuvichukua.

Nikakifungua kile cha kitambaa chekundu. Nikatoa nyama yote. Nikatia kwato zake, mapafu yake na mifupa yake ile ile aliyonipa, na juu nikamwaga dagaa. Dagaa wengi! Nikayafunga majani vizuri, nikarejesha kitambaa mahali pake. Nilikuwa nacheka peke yangu.

Sasa nyama? Hapo ndipo nilipojiangamiza. Ningeitupa, lingebaki kuwa kisasi tu. Lakini mkono uliozoea kubana hautupi hata ganda la kitunguu! Nikaiosha viungo, nikaikata vipande virefu, nikaitia chumvi, nikaianika ghalani nyuma ya magunia. Na huku naianika nilishapanga: vipande viwili kwenye adesi, vitatu kwenye wali, itatufikisha mwisho wa mwezi. Lililoanza kuwa kisasi likawa wizi, na mpaka wenyewe sikuuona nilipouvuka.

Siku ya tatu wifi alitualika wanawake wote wa mtaa. Nilikwenda, nikachagua mahali pa mbele. Masinia ya wali yamepangwa, wageni wa Samail wamekaa wanangoja nyama. Akakata makuti, akafunua majani.

Harufu! Dagaa waliopikwa usiku na mchana pamoja na kwato! Bibi mmoja wa Samail aliziba pua kwa mtandio, akauliza kwa Kiarabu kama siku hizi Ibra shuwa hufanywa ya samaki.

Wifi aliniona nilipokaa. "Wewe! Mpemba wewe! Dagaa hawa wametoka wapi?"

"Dagaa mji mzima unakula, wifi," nikasema polepole. "Hata ng'ombe."

Wanawake wakajikohoza kuficha kicheko. Naandika haya nikiwa mtu mzima, na sitawadanganya: raha niliyoipata dakika ile sijaipata tena.

"Mama! Mkaza mwanao mwizi! Kaniibia nyama ya Iddi!"

Mama akasimama. Alikuwa mtu wa sauti ndogo, lakini siku ile kila mtu alimsikia. "Huyu haibi. Nakaa naye, nala mkononi mwake. Naapa kwa Mwenyezi Mungu mbele yenu nyote, huyu hakugusa kitu cha mtu."

Nilikuwa nimekaa pale. Ningeweza kumshika mkono asiape. Nilinyamaza!

Wifi alimtazama mama yake. "Umemchagua huyo juu yangu mimi uliyenizaa? Basi kwako sikanyagi tena."

Na hakukanyaga. Alasiri zikawa kimya, chungu changu hakifunuliwi na mtu, na mimi nikajiona malkia. Mama alikaa na dele lake la kahawa peke yake. Mara mbili katika miezi ile alijikongoja mpaka kwa binti yake, na mara zote mbili akarudi mapema. "Kanikaribisha vizuri," alisema. "Kama anavyokaribishwa mgeni."

Mwezi wa Iddi ni mrefu, maana mshahara umekuja mapema na umekwenda mapema. Nikaanza kuzitoa zile nyama kidogo kidogo. Mara za kwanza nilizisaga kabisa ndani ya adesi, na mama akala, akaniombea dua. Dua kwa nyama ya wizi! Nikazidi ujasiri. Adhuhuri moja nikamwekea kipande kizima juu ya wali.

Akatafuna. Akasita. Akakitoa mdomoni, akakitazama.

"Hii ya ng'ombe."

"Ndiyo, mama."

"Sisi tulichinja mbuzi."

"Nimenunua sokoni."

"Kwa mshahara upi, mwanangu? Mwezi umekatika. Jana watoto wamekula mkate wa kuroweka."

Mwezi wangu aliujua kama ninavyoujua mimi. Nilikuwa nimeupanga mbele ya macho yake.

Hakupiga kelele. Laiti angepiga! Alinyanyuka akaenda kusukutua, akasukutua mpaka birika likaisha maji. Kisha akasema, "Umenilisha haramu, na kiapo changu umekifanya cha uongo."

Hakuwa na uwezo wa kulisha masikini kumi, kafara ya kile kiapo, basi alifunga siku tatu. Mwanamke mzee yule! Magharibi ya kwanza nilimpelekea uji. "Weka hapo, mwanangu," akaniambia. Alifuturu tende na maji, na uji ukalala na kikombe chake. Tangu siku ile alijiwashia seredani yake pembeni mwa uwanja, akajipikia kisufuria chake kwa unga aliopewa mkononi na mwanawe. Mume wangu aliuliza kuna nini. Mama akamwambia tumbo lake halitaki vya kukaangwa. Alinisitiri! Na bado akiniita mwanangu, na hilo ndilo lililonikata maini.

Mimi aliniambia neno moja tu. "Nenda kwa wifi yako ukaseme. Mimi siwezi kukuumbua. Lakini ulilolifunga wewe, lifungue wewe."

Kila alasiri akiniuliza, "Umekwenda?"

"Kesho, mama."

Sikwenda. Mnajua kwa nini? Si woga. Nilikuwa sitaki kumpa wifi ushindi! Nilimuona akija kufunua chungu changu tena, safari hii ana haki. Roho ikakataa. Mama huku peke yake, binti yake kule kanuna, baina yao nyumba nne na neno langu moja. Nikalibana neno lile kama nilivyozoea kubana kila kitu.

Mama alianza kikohozi, kikawa homa. Hospitali walimpa dawa, akarudi, akadhoofika. Sisemi saumu zile ndizo zilizomuua. Kila mtu ana siku yake. Nasema tu kwamba miezi ile alikula kidogo sana, na chakula kilikuwamo jikoni kwangu. Wifi, aliyesema hakanyagi kwetu, alifika maiti imeshakoshwa.

Sasa nnakwambieni nyinyi mlioshika majiko. Kubana matumizi si aibu. Ukichekwa chungu chako, mjibu mwenye kukucheka, gombana naye, funga mlango. Lakini usilipize kisasi kwa chakula! Chakula hakijui uliyemkusudia. Kinaingia tumboni mwa yule anayekuamini.

Limebaki la siku ya mwisho ya matanga.

Siku mbili majirani walituletea vyakula. Ya tatu nilipika mimi. Wanawake wamejaa ukumbini, wifi kakaa ukutani macho yamemvimba. Nikaenda nikapiga magoti mbele yake, nikasema yote, kwa sauti ya kusikiwa: kifumba, kwato, dagaa, nyama ghalani.

Wifi akauliza, "Mama alijua?"

"Alijua."

"Alipokuja kwangu, nikampa kahawa kama mgeni, alikuwa anajua?"

"Mara ya kwanza, hapana. Ya pili, ndiyo."

"Na hakusema."

"Alikuwa ananingoja mimi."

Akajifunika uso kwa kanga. Mimi nikenda jikoni, kwa sababu wageni walikuwa hawajala. Nikapakua wali, nikaleta sinia, nikaliweka katikati.

"Karibuni," nikasema.

Hapana aliyenyoosha mkono. Mvuke ukapanda mpaka ukaisha. Mwisho wifi alisimama, akalinyanyua lile sinia peke yake, akatoka nalo uwani, akawamwagia mbuzi.