Tangazo la pwani nililolificha

Assalamu alaykum. Admin, jina langu na la kijiji usiyatoe, huku wilayani Micheweni sote tunajuana. Mimi ni mwanamme, miaka 27, sijaoa, naishi na mama yangu ambaye ni mjane. Amenisomesha kwa kulima mwani, mikono yake imechanika kwa maji ya chumvi tangu mimi niko darasa la kwanza.

Nafanya kazi ya kutengeneza tovuti kwa bwana mmoja mjini. Mwaka jana tulipewa kazi na mwekezaji aliyetaka kujenga hoteli kwenye pwani yetu. Kisheria alitakiwa atangaze mpango wake mtandaoni ili wenye pingamizi wapeleke mapema. Tangazo lilikuwa PDF ya kurasa sita. Ukurasa wa kwanza ni picha na salamu tu, ramani na siku ya mwisho ya pingamizi viko ukurasa wa tano.

Sasa PDF ukiibandika ndani ya tovuti, simu nyingi zinaonyesha ukurasa wa mwanzo peke yake. Ndiyo maana chini yake huwa tunaweka kitufe cha kufungua faili nzima. Bosi akaniambia, "Kitoe hicho." Nikamuuliza watu watasomaje. Akacheka: "Tumeambiwa tutangaze. Nani kasema wasome?" Nikakitoa. Sikushikiwa panga, niliogopa kufukuzwa tu. Na kijijini kwetu nani ana kompyuta ya kuiona yote?

Wiki ileile kinamama wa mwani wakaja nyumbani. Mkubwa wao akaniambia, "Mwanetu, we ndo ntu wa mitambo, hebu tutizamie. Yasemwa pwani yauzwa." Nikafungua simu nikawapa. Wakaona minazi na salamu. "Ndo hiyo tu?" Nikasema ndo hiyo tu. Wakaniombea dua, wakaondoka. Wallahi sijui nilikuwa na moyo gani siku ile.

Mwezi uliopita wamekwenda pwani wakakuta vigingi vyao vyote vya kufungia mwani vimeng'olewa na uzio umepigwa. Kulalamika, wakajibiwa tangazo lilikuwepo, siku ya mwisho iliandikwa humo, na muda wao umepita. Waliporudi nyumbani kwetu, yule mkubwa wao akanitazama sana. Mama akamwahi, "Mwanangu angelijua angetwambia."

Sasa kinamama wameamua isomwe halbadiri, ile dua ya kulaani, aliyewaficha adhurike. Wazo ni la mama. Nilimwambia tumwachie Mungu, akaja juu: "Siwachi! Ntu alotufanyia hivi nataka nimuone kwa macho yangu."

Nikisema ukweli, watapata la kushika wakadai pwani yao, lakini kazi sina tena na mama sijui atauweka wapi uso wake. Nikinyamaza, anamlaani mwanawe wa pekee na hajui. Leo Jumatano, kisomo ni Ijumaa baada ya Alasiri. Kanzu yangu ameshaifua na kuipiga pasi, anataka nikae mbele niitikie amin kwa sauti. Jamani nishaurini, naanzaje kumwambia?